Mbuni Huyu ni Nani?

(Maneno haya niliyasema Jumamosi moja mbele ya walimu na wanafunzi wa shule za upili, katika ukumbi mdogo hapa Kisumu. Nimeyaandika upya kwa kufuata karatasi zangu, na nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.)

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wazazi mlioacha vibanda vyenu katika soko la Kibuye mkaja kutusikiliza, nanyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha, hamjambo?

Naanza na kipande kimoja cha mshororo, yaani cha mstari wa shairi, hata mshororo mzima haujafika. Kinasema: "Mbuni huyu ni nani." Nihesabieni mizani, yaani silabi zake.

Nimesikia saba kutoka upande wa dirishani, na nimesikia nane kutoka kwa walimu. Nyote mmepata. Kama mbuni huyu ni yule ndege mkubwa asiyeruka, basi ni mbu-ni, silabi mbili, na kipande kina mizani saba. Kimepungua, na mwalimu atakizungushia kalamu nyekundu. Kama mbuni ni mtu aliyebuni kitu, basi ni m-bu-ni, silabi tatu, na kipande kimetimia nane. Herufi ni zile zile tano. Jicho haliwezi kuwatenganisha ndege na mtu, lakini sikio la mtu aliyekulia katika Kiswahili hutenganisha bila hata kufikiri.

Kipande hicho kilinikosesha usingizi wiki mbili. Nilikuwa Nakuru, nikifundisha kidato cha tatu, na mezani nilikuwa na rundo la madaftari ya mashairi ya kusahihisha. Kuhesabu mizani ya tarbia ni kazi ya vidole: mishororo minne kwa kila ubeti, mizani kumi na sita kwa kila mshororo, beti tano kwa kila mwanafunzi. Nikasema, kompyuta hii niliyonunua kwa mkopo wa sako itanihesabia. Sikuwa nimesomea kompyuta. Kijana mmoja wa saiba alinionyesha lugha ya programu inayoitwa Python, nikaenda nayo polepole, jioni baada ya jioni.

Kanuni yangu ya kwanza ilikuwa nyepesi kwa sababu Kiswahili kimeandikwa kwa uaminifu: kila vokali ni mizani moja. "Ziwani" vokali tatu, mizani tatu. "Waulizana" vokali tano, mizani tano. Kisha nikaongeza kanuni ya pili, kwamba herufi m ikifuatwa na konsonanti isiyo w wala y nayo ihesabiwe, maana m-tu ni mbili na m-li-ma ni tatu. Lakini "mbuzi" ikatoka tatu, na mbuzi ni mbu-zi. Nikaitoa b katika kanuni. Mbuzi akapona, ila yule mbuni wa pili, mtu, akapoteza silabi yake ya kwanza.

Halafu nikagundua jambo kubwa zaidi ya hilo. Sema "nyumba mbovu". Nyu-mba mbo-vu, mizani nne. Sasa sema "mti mbovu". M-ti m-bo-vu, mizani tano. Neno "mbovu" limebadilika uzito bila kubadilika sura, kwa sababu nyumba iko katika ngeli ya I-ZI na mti uko katika U-I. Maana yake ni kwamba mashine haiwezi kuhesabu mizani ya shairi la Kiswahili mpaka kwanza ijue ngeli. Miaka kumi na tisa nilikuwa nafundisha ngeli Jumanne na ushairi Alhamisi kana kwamba ni masomo mawili. Ni chuma kigumu kisichojua hata jina langu kilichonionyesha kwamba ni somo moja.

Ndiyo maana nimekubali mwaliko wenu wa kuzungumza juu ya ushairi unaotungwa kwa kompyuta na kwa ajili ya kompyuta. Wengi mkisikia hivyo mnafikiria zile programu za mazungumzo zilizoenea tangu mwishoni mwa 2022, ambazo unaziambia "nitungie shairi la mama" na kabla hujameza mate shairi limeshuka. Nitazigusa baadaye. Lakini sanaa hii ni ya zamani kuliko wengi wetu humu ukumbini, na haikuanza hivyo.

Mwaka wa 1952, katika Chuo Kikuu cha Manchester kule Uingereza, bwana mmoja aliyeitwa Christopher Strachey aliandika programu ya kutunga barua za mapenzi. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya aina ya Ferranti Mark 1, na ndani yake kulikuwa na chombo cha kutoa nambari za bahati nasibu, ambacho mwanahisabati Alan Turing alikuwa ametaka kiwemo. Strachey aliipa mashine kiunzi cha sentensi na orodha za maneno: vivumishi vya huba, nomino za huba, vielezi, vitenzi. Mashine ikawa inatia mkono gizani, inaokota neno, inalipachika mahali pake. Kila barua ilitiwa sahihi M.U.C., yaani kompyuta ya Chuo Kikuu cha Manchester. Zilikuwa barua za kuchekesha, zenye mahaba yaliyozidi kimo. Ninachotaka mshike ni kiunzi chenye nafasi wazi na orodha ya maneno ya kujaza.

Sasa wale mliolelewa huku kwetu mtaniambia: hilo tunalijua. Mmekaa kwenye sherehe, nyatiti inalia, mara mtu anainuka, anasimamisha muziki, anatoa chochote mfukoni, na anaanza kujisifu au kumsifu rafiki yake kwa mafumbo. Hiyo ni pakruok. Kiunzi kipo, kila mtu anakijua: mimi ni fulani, mwana wa fulani, wa mahali fulani, mfano wa kitu fulani. Ustadi wa mtu uko katika kile anachokitia kwenye nafasi zile. Anayetia kitu kilichozoeleka anapigiwa makofi ya adabu. Anayetia kitu ambacho hakuna aliyekitarajia, watu huangusha viti. Sisemi kwamba Strachey alijifunza kwa Wajaluo. Nasema tu kwamba mkikutana na sanaa hii msiingie kama wageni waliochelewa.

Mwaka wa 1959 kule Stuttgart, Mjerumani Theo Lutz alichukua nomino kumi na sita na vivumishi kumi na sita kutoka katika riwaya moja ya Franz Kafka, akavitia kwenye kompyuta ya Zuse Z22. Ikatoa sentensi kama hizi, nazitafsiri: "Si kila mtazamo u karibu. Hakuna kijiji kilichochelewa." Hiyo ya kijiji nimeizungusha kichwani mara nyingi sana nikiwa ndani ya matatu. Lutz naye alipata taabu niliyoipata mimi, kwa sababu Kijerumani kina jinsia tatu za nomino na kila moja inadai kiambata chake. Tatu tu! Angekuja kwetu akutane na A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I na ndugu zake wote.

Na mwaka wa 1967 msanii wa Marekani, Alison Knowles, alishirikiana na mwanamuziki James Tenney kutunga shairi la nyumba. Knowles alileta orodha nne: nyumba imejengwa kwa nini, iko wapi, inapata mwanga gani, inakaliwa na nani. Tenney akaandika programu katika lugha ya FORTRAN, na kompyuta ikawa inachanganya, ubeti baada ya ubeti, makaratasi yenye matundu pembeni yakimwagika sakafuni. Nyumba ya vumbi, katika uwanja ulio wazi, ikipata mwanga wa asili, ikikaliwa na marafiki na maadui. Ubeti mmoja ni kitu kidogo. Lakini ukisoma kumi, ishirini, hamsini, unaanza kuona watu wote wa dunia wanavyolala.

Shairi hilo nimelifanyia kazi na wanafunzi wangu. Niliwaambia waache orodha za Knowles, walete zao. Wakaleta nyumba za mabati, za udongo na samadi, za mawe ya machimboni, za maturubali. Zilizo kando ya reli, chini ya kreta ya Menengai, nyuma ya soko, kwenye shamba lenye kesi. Zinazowashwa kwa koroboi, kwa taa ya sola, kwa mwanga wa simu, kwa stima ya jirani. Wanamokaa nyanya na wajukuu, wapangaji wasiojuana, kuku peke yao, mtu anayengoja kupigiwa simu. Mashine ikachanganya. Ilipotoka "nyumba ya mawe, kwenye shamba lenye kesi, inayowashwa kwa mwanga wa simu, wanamokaa kuku peke yao", msichana mmoja aliinamisha kichwa. Sikumwuliza. Kila aliyeleta neno alikuwa amelitoa mahali fulani.

Turudi kwenye shairi letu la arudhi, yaani la vina na mizani, kwa sababu hapo ndipo ninapotaka kukaa.

Mwaka wa 1961 Mfaransa Raymond Queneau alichapisha kitabu cha soneti kumi, kila moja ya mishororo kumi na minne, zote zikiwa na vina vya aina moja. Kurasa zimekatwa vipande, kila mshororo ukaning'inia kivyake, ili msomaji aweze kuchukua mshororo wa kwanza kutoka soneti hii na wa pili kutoka ile. Hesabu yake ni kumi mara kumi mara kumi, hivyo hivyo hadi kumi ziwe kumi na nne: mashairi trilioni mia moja. Hakuhitaji kompyuta, mkasi ulimtosha.

Nilipokisikia kitabu hicho niliwaza tarbia. Ubeti wa tarbia tayari umekatwa! Kila mshororo una ukwapi, nusu ya kwanza, na utao, nusu ya pili, kila kimoja mizani nane, vina vya kati upande huu, vina vya mwisho upande ule. Aliyeiunda tarbia alitengeneza vipande vinavyoweza kuchomolewa na kupachikwa. Tazameni pia bahari nyingine, yaani aina nyingine za shairi: katika pindu, kipande cha mwisho cha ubeti ndicho kinachoanza ubeti unaofuata. Katika kikwamba, neno moja linarudi mwanzoni kila mara. Katika msuko, mshororo wa mwisho unafupishwa. Katika mtiririko, vina havibadiliki tangu mwanzo hadi tamati. Mtu wa kompyuta akisikia maelezo hayo atakwambia hizo ni amri: chukua, rudia, kata, linganisha. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha sheria za kutunga mashairi mwaka wa 1954, miaka miwili tu baada ya zile barua za Manchester, alikuwa ameandika kitu ambacho mwandishi wa programu angeweza kukifuata mstari kwa mstari. Huyo ndiye aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria wa Tanganyika, na mimi huona kwamba sheria alikuwa ameanza kuzishika mapema.

Basi nilikaa nikatunga vipande. Sitini. Kumi kwa kila nafasi ya ukwapi katika mishororo mitatu ya kwanza, vyote vikiishia na "ni", na kumi kwa kila nafasi ya utao, vyote vikiishia na "na". Kibwagizo, ule mshororo wa nne, nikakiacha kimoja, kisibadilike. Hesabu yake: beti milioni moja. Ukitumia sekunde ishirini kughani kila ubeti, utaghani siku 231 usiku na mchana, hulali, huli. Kazi ya sekunde moja ya mashine, ila vipande vyenyewe vilinichukua miezi minne, na hapo ndipo jasho lilipo.

Vingi ni vya ziwa hili. Mimi nimezaliwa si mbali na hapa. Nilikuwa na mjomba aliyevua omena, wale dagaa wa ziwani, na mnajua omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kiasi kwamba ukisimama ufuoni unaona kama mji mwingine umeota juu ya maji. Usiku mmoja alitoka na wenzake hakurudi. Kipande "hajarudi tangu jana" nilikiandika kwa ajili yake. Ilinichukua siku kadhaa kukikubali, kwa kuwa ni maneno matatu mepesi na nilitaka makubwa. Kipande "mama yungali sokoni" nilikiandika kwa ajili ya kitu kingine kabisa: wanawake wanaouza jioni hadi taa za barabarani ziwake. Kilikuwa kipande cha furaha, cha biashara inayokwenda vizuri.

Nikaiwasha programu. Beti za kwanza nyingi zilikuwa makapi. Moja ilisema: "Moshi wapanda jikoni, hajarudi tangu jana." Ngeli imevunjika hapo, moshi haujarudi, si hajarudi. Na ukirekebisha ngeli, mizani inakuwa tisa. Nikalazimika kuifundisha programu kwamba vipande fulani haviolewi na vingine, na kuipa ruhusa chache za mshairi: inkisari, ili "kuniambia" iweze kuwa "kunambia", na mazida, ili "enda" iweze kuwa "enenda". Lakini niliiwekea kikomo, ruhusa moja kwa kila ubeti, kwa sababu mshairi anayekula inkisari kila mshororo ni mvivu, awe wa nyama au wa chuma.

Kisha usiku mmoja ikatoa hivi:

Taa zawaka gizani, watoto waulizana,
Mashua zipo ziwani, na magugu yasongana,
Mama yungali sokoni, hajarudi tangu jana,
Ziwa lina siri zake, halimwambii kijana.

Niliisoma mara moja nikasimama. Someni mshororo wa tatu. Sikuutunga mimi. Nilitunga mama anayeuza samaki kwa furaha, nikatunga mjomba aliyepotea, kila mmoja kwenye kona yake. Mashine imewaweka bega kwa bega bila kujua, na sasa ni mama ambaye hajarudi, na watoto wanadanganywa, au wanajidanganya, kwamba yungali sokoni. Mashua zipo, kwa hiyo si kuvua alikokwenda. Magugu yamesongana. Na lile ziwa la kibwagizo, ambalo nililiandika kama methali tu, limekuwa shahidi anayeficha.

Nilimsomea ubeti huo mzee mmoja mshairi, mtu ninayemheshimu, aliyeghani kwenye redio zamani. Alinyamaza. Kisha akaniuliza: "Mwalimu, mashine ina uchungu gani hata itunge hivi?" Nikamjibu: "Mzee, haina. Uchungu ni wangu, niliuweka mle kipande kwa kipande. Yenyewe imetia mkono gizani tu." Akasema, "Basi huo ni ubao wa bao, na wewe ndiye uliyezipanda kete." Nilipenda jibu lake kuliko langu.

Hapo ndipo ninaposimama, ndugu zangu. Mbuni wa ubeti ule ni nani? Ni aliyetunga vipande sitini, akatupa mamia. Ni aliyeandika kanuni, akaamua nini kiruhusiwe na nini kikatazwe. Na ni aliyesoma beti mia tatu hadi macho yakawasha, akatoa moja, akasema hii. Kazi zote hizo tatu ni utunzi. Ukiziacha zote tatu kwa chombo cha mtu mwingine, sijui kilichobaki kwako ni nini.

Nakuja sasa kwenye zile programu za mazungumzo. Nimeziona katika madaftari yenu, msidhani sioni. Shairi lina beti nane, halina kosa la tahajia, na mishororo ni ya mizani kumi na tatu, kumi na nane, kumi na tano. Niliipa moja kazi mbele ya darasa: tarbia, kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho. Ikanijibu kwa heshima kwamba imetimiza masharti yote. Tukahesabu pamoja ubaoni. Hata ubeti mmoja haukutimia.

Sababu yake inaeleweka, na ni vizuri mwijue. Programu hizo hazioni silabi. Kabla ya neno kuingia, hukatwa vipande kulingana na jinsi maandishi yanavyojirudia katika rundo kubwa zililolishwa, na sehemu kubwa ya rundo hilo ni Kiingereza. Neno la Kiswahili linaweza kukatwa katikati ya silabi kama muwa uliokatwa nje ya kifundo. Halafu kila kipande kinakuwa nambari. Ni vigumu kuhesabu vokali ndani ya nambari. Tena tarbia zilizoandikwa mtandaoni ni chache mno ukilinganisha na soneti. Kwa hiyo chombo kinakisia shairi letu lafanana na nini, kama mtu aliyesikia ngoma ya isukuti ikipigwa ng'ambo ya kilima akaenda kuisimulia.

Sisemi kwamba hazina kazi, huenda kesho zikahesabu vizuri. Ninachosema ni kwamba ile programu yangu ya mistari isiyofika mia mbili, iliyoandikwa na mwalimu wa Kiswahili mezani pa jikoni, inajua kwamba mti mbovu una uzito kuliko nyumba mbovu. Inajua kwa sababu niliiambia.

Mwalimu mmoja pale mbele ameniandikia swali kwenye karatasi: je, hatuwarudishi watoto kwenye minyororo ya vina na mizani, tuliyoambiwa tuitupe tangu enzi za Kezilahabi? Swali zuri. Euphrase Kezilahabi alipochapisha diwani yake ya kwanza, Kichomi, mwaka wa 1974, aliufungulia ushairi dirisha, na mimi ni mmoja wa waliopata hewa. Mashairi huru pia yana kanuni, ila kila mshairi anajiwekea zake. Kompyuta inakulazimisha uzitamke. Huwezi kuiambia "tunga kwa hisia". Itabidi useme mshororo unakatika wapi na kwa nini. Nimewaona vijana wa mashairi huru wakigundua mbele ya skrini kwamba walikuwa na kanuni ambazo hawakuwahi kujua wanazo.

Nalo lile tawi la pili, ushairi wa kusomwa na kompyuta yenyewe. Hapa shairi ni programu inayotii. Watu wamefanya hivi tangu zamani. Katika lugha ya Perl kulikuwa na mashairi ya namna hiyo kufikia 1990. Tatizo letu ni kwamba amri za lugha nyingi za programu ni za Kiingereza. Nikatengeneza jedwali dogo la kubadilisha: "kama", "la sivyo", "sema", na lile ninalolipenda kuliko yote, "maadamu". Maadamu jambo fulani ni kweli, endelea kufanya hivi. Kiswahili kilikuwa nalo neno hilo likingoja tu kazi.

Msichana mmoja wa kutoka upande wa Nyando, ambako mto ukifura watu huhamia madarasani na magodoro yao, aliandika hivi:

maadamu maji yamo nyumbani:
lala darasani
amka
tazama mtoni

Ukiangalia kama shairi la karatasini, ni mistari minne. Lakini hili ni la kuendeshwa. Aliiendesha. Kompyuta ikaanza: lala darasani, amka, tazama mtoni, lala darasani, amka, tazama mtoni. Mistari ikakimbia skrini nzima. Tukangoja imalize. Haikumaliza, kwa sababu hakuandika popote mstari wa kuyashusha maji. Nilimwambia, mwanangu, umesahau kupunguza maji. Akanijibu, "Sijasahau, mwalimu." Feni ya kompyuta ilikuwa imeanza kuunguruma kwa joto. Hakuna mwanafunzi aliyecheka. Baadaye yeye mwenyewe ndiye aliyekuja akaifunga kwa mkono.

Nimesoma mashairi mengi ya mafuriko, mengine mazuri sana. Hakuna lililowahi kunikalisha ndani ya kungoja kama lile. Na halingeweza kuandikwa kwa kalamu.

Nimalizie ya kwangu, muda wa mwenyekiti nauona unakwisha. Humu ndani kuna watu wa Dholuo, Lubukusu, Lulogooli, Kikipsigis, Kikuyu. Msibaki na Kiswahili peke yake. Lakini mjue kila lugha itawadai kitu chake. Kwa Dholuo, herufi tano za vokali zinabeba sauti zaidi ya tano, na toni haiandikwi kabisa, kwa hiyo anayetaka mashine isikie wimbo wa Dholuo atalazimika kwanza kubuni jinsi ya kuuandika. Ninatamani sana kumwona huyo akitoka katika ukumbi huu. Simu ya kawaida inatosha kuanzia; programu yangu ya kwanza ya nyumba niliiandika kwenye simu stima ilipopotea, na faili yake nzima haizidi ukubwa wa picha moja ya mtandaoni, kwa hiyo haitakula bando lenu.

Sasa kazi. Karatasi zimepita, kila mmoja anayo. Andika kipande kimoja tu, mizani nane, kiishie na "na". Kiwe cha kitu ulichokiona kwa macho yako wiki hii, si cha kitabuni. Usiangalie cha jirani. Mtakaotumia neno mbuni, mniandikie pembeni ni yupi, wa ndege au wa mtu. Nitaviingiza humu kimoja kimoja, tuone vinasema nini vikikutana.

Wewe wa nyuma kabisa mwenye sweta ya kijani, simama. Tusomee chako.